Taa Ikishawaka: Mjadala wa Bodi ya Kwanza

Karibu kila anayejifunza maikrokontrola huanza na programu moja, Blink. Taa iliyofungwa kwenye pini namba 13 ya Arduino Uno huwaka sekunde moja, huzimika sekunde moja, kisha huwaka tena. Programu yenyewe ni mistari michache tu, lakini aliyeipakia kwa mara ya kwanza ana haki ya kufurahi: ameamrisha kitu kinachoshikika na kimetii. Ugumu huja akishatoka kwenye taa na kuingia kwenye pampu, kihisi au mota, halafu kitu kikagoma. Aijaze programu mistari ya kuchapisha ujumbe, au aisimamishe chipu katikati ya kazi na kuchungulia kilichomo?

Swali hilo linawagawa wanaofundisha fani hii, na hapa limepewa sauti tatu. Mwalimu ni mama anayefundisha elektroniki katika chuo cha ufundi jijini Dar es Salaam. Anaamini dibaga, yaani chombo cha kuisimamisha programu ikiwa ndani ya chipu na kusoma kila kigeu kilivyo wakati huo, iwekwe mezani tangu wiki ya kwanza. Fundi ametengeneza redio, inveta na chaja kwa muda mrefu Kariakoo, na kwake dibaga ni jambo la baadaye sana. Wa tatu ni Mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ametengeneza mtambo wa kumwagilia miche kwa bodi ya ESP32, rilei na pampu ndogo, na bodi hujizima na kujiwasha upya kila pampu inapoanza.

“Nimeandika upya sehemu ya pampu mara nyingi, Mwalimu,” anasema. “Haisaidii.”

Fundi ndiye anayedaka neno. “Umeandika upya. Umepima?”

Hajapima. Basi Fundi anaanzia hapo. Kwa anayeanza, anasema, hitilafu nyingi haziko kwenye programu hata kidogo. Baadhi ya nyaya za USB zinazokuja na chaja za simu zina njia za umeme tu, hazina za data, kwa hiyo bodi inawaka lakini kompyuta haiioni. Uno nyingi za kuigiza zimefungwa chipu ya CH340 ili zizungumze na USB, na kompyuta isiyo na draiva yake haitaonyesha poti yoyote. Baadhi ya bodi za ESP32 hazipokei programu mpaka kitufe cha BOOT kibanwe upakiaji unapoanza. Pini za Uno hufanya kazi kwa volti 5, za ESP32 kwa volti 3.3, na anayechomeka nyaya bila kujali tofauti hiyo anaweza kuiua chipu asijue imekufa lini. Kisha lipo kosa linalowakuta wengi: kihisi kinapata umeme kwenye betri yake, bodi inapata wake kwenye kompyuta, na hasi za pande mbili hazijaunganishwa.

“Dibaga itakuambia nini hapo, mwanangu?” anauliza. “Itakuambia programu ni nzima, na kweli ni nzima. Shika testa kwanza. Pima volti kwenye mguu wa chipu, usipime kwenye betri ukaridhika.”

Mwalimu habishi hata moja katika hayo. “Hayo yote nayafundisha, Fundi. Ila tuseme sasa nyaya ni nzima na umeme umetulia. Mwanafunzi anataka pampu izimwe baada ya sekunde 60. Anachukua muda kwa millis(), yaani kwa milisekunde, anauweka kwenye kigeu cha int, anatoa muda wa kuanzia, anauliza kama tofauti imepita 60,000. Programu inapita kwenye kompaila bila kelele. Pampu inawaka, na haizimiki tena.”

Sababu yake inafaa kuelezwa taratibu, maana ndiyo inayobeba hoja yake. Kwenye Uno, int ni ya biti 16, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 32,767. Baada ya sekunde 32 na nukta kadhaa hesabu inageuka kuwa hasi. Tofauti haiwezi kufika 60,000 milele, kwa hiyo sharti la kuzima halitimii. Programu ileile ikipakiwa kwenye ESP32, ambako int ni ya biti 32, inafanya kazi vizuri. Mwanafunzi anayebahatisha atabadilisha rilei, atabadilisha pampu, mwishowe atabadilisha bodi. Tatizo litaondoka, naye atasadiki kwamba Uno yake ilikuwa mbovu. Anayeweza kusimamisha programu na kusoma kigeu ataona namba hasi mahali ambapo muda ulipaswa kuwa unakua, na hapo hapo ana swali la maana la kuuliza.

“Hata mimi ningeiona,” Fundi anajibu. “Ningechapisha hiyo namba.”

“Ungejua uchapishe ipi? Wanaoanza huchapisha ‘pampu imewaka’, ‘pampu imezima’. Hawachapishi namba wasiyoishuku.”

Pengo ambalo Mwalimu analisikitikia lina historia. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika chuo cha Interaction Design Institute Ivrea, kaskazini mwa Italia, mikononi mwa Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao, ikifuata nyayo za Wiring, kazi ya shahada ya uzamili ambayo Mkolombia Hernando Barragán aliianza katika chuo hichohicho mwaka 2003. Waliolengwa walikuwa wanafunzi wa usanifu. Kila kitu cha kutisha kilifichwa ili wafike haraka kwenye kazi yao, na uamuzi huo ulikuwa sahihi kwao: bila huo, watu wengi wasio wahandisi wasingeigusa chipu kabisa. Lakini dibaga nayo ilifichwa humo humo. ATmega328P, chipu ya Uno, ina njia yake ya kukaguliwa iitwayo debugWIRE, ila njia hiyo inapita kwenye pini ya reset, na kapasita iliyowekwa pale ili kompyuta iiwashe bodi upya wakati wa kupakia inavuruga mawasiliano. Anayetaka kuitumia hukata njia nyembamba ya shaba kwenye bodi na kununua kifaa cha pekee. Wanaoanza hawafanyi hivyo, na vitabu vyao haviwaambii.

Kwenye chipu za jamii ya ARM Cortex-M hali ni nyingine. Nyaya mbili tu, SWDIO na SWCLK, pamoja na hasi, zinatosha kuisimamisha chipu, kusoma kumbukumbu yake yote na kuitembeza mstari kwa mstari. Programu za upande wa kompyuta ni za bure: GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, na OpenOCD, iliyoanza kama kazi ya kuhitimu ya Dominic Rath katika chuo cha Augsburg, Ujerumani, mwaka 2005. Bodi za Nucleo za kampuni ya STMicroelectronics huja na dibaga ya ST-LINK ikiwa imeshafungwa juu yake. Unachomeka USB basi.

Hapa Fundi anasogeza kiti. Amekwisha kuona watu wakisimamisha chipu, na hoja yake inayofuata ndiyo nzito kuliko zote alizoleta.

“Mwalimu, chipu ukiisimamisha, dunia haisimami. Programu imeganda, mota je? Pini iliyokuwa juu inabaki juu. Kama ndiyo inayosukuma mota, mota inaendelea kuzunguka na hakuna wa kuizima. Na kihisi?” Anatoa mfano wa DHT22, kile kihisi cheupe cha joto na unyevu ambacho wanafunzi wengi hukinunua mapema. Kinatuma biti 40 mfululizo kwa waya mmoja. Sifuri na moja zinatofautishwa kwa urefu wa muda ambao waya unakaa juu, sifuri takribani maikrosekunde 27, moja takribani 70. Simamisha programu katikati ya hizo biti, na zilizobaki zitapita bila kusomwa na yeyote. “Ni sawa na kuziba masikio wakati unasomewa namba ya simu, halafu unalalamika kwamba haijakamilika. Dibaga yako ndiyo imetengeneza hitilafu.”

Mwalimu anakubali kuhusu kihisi. Kuhusu mota anajibu kwamba chipu za STM32 zina rejista, DBGMCU, inayoagiza taima zigande pamoja na programu, na kwamba dibaga haitumiki mahali ambapo kusimama ni hatari. Kisha anageuza meza.

“Na kuchapisha kwako, Fundi, hakugusi kitu?”

Kunagusa sana, na takwimu za Uno zinaonyesha. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi inabeba biti 10, kwa hiyo herufi 960 tu hupita kwa sekunde. Sentensi ya herufi 30 inachukua zaidi ya milisekunde 31. Uno ina ghala dogo la nafasi 64 la kupanga herufi zinazosubiri kutoka, likijaa, Serial.print inaifanya programu nzima ingoje. Aliyeongeza mstari wa kuchapisha ili achunguze tatizo la muda amebadilisha muda wenyewe. Hitilafu inatoweka, anaufuta mstari, inarudi.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Uno ina RAM ya baiti 2,048 tu, na kila sentensi iliyoandikwa ndani ya Serial.print huhamia humo programu inapoanza, isipokuwa mwandishi aizungushie F() ili ibaki kwenye flash. Mwanafunzi mwenye bidii anaongeza ujumbe baada ya ujumbe ili aelewe kwa nini programu inaropoka, mpaka ujumbe wenyewe unamaliza kumbukumbu, na programu inaropoka zaidi.

“Kisha kuna ile ya safu,” Mwalimu anaendelea, na sauti yake inapanda, kwa sababu hii ndiyo hitilafu anayoichukia. Programu ina safu ya vipimo 10, vilivyohesabiwa kuanzia 0 hadi 9, na mahali fulani inaandika kwenye nafasi ya 10. Kompaila ya C haitazuia. Kipimo kinaangukia kwenye kigeu cha jirani, ambacho hakihusiki kabisa, na kinachoharibika kinaonekana mbali na kilichoharibu. Ukiongeza mistari ya kuchapisha, mpangilio wa kumbukumbu unabadilika na jirani anayeumia anakuwa mwingine. Dibaga ina jibu la moja kwa moja: iambie chipu isimame mara tu anwani ile itakapoandikwa. RP2040, chipu ya Raspberry Pi Pico, ina walinzi wawili wa namna hiyo katika kila kiini, pamoja na vituo vinne vya kusimamisha programu. Chipu inasimama, na mstari wenye kosa unaonekana mbele yako.

Fundi ananyamaza kidogo. “Hiyo,” anasema, “testa yangu haiioni.”

Mwanafunzi, ambaye amekuwa akisikiliza, anauliza swali ambalo wakubwa hao wawili walilipita: bei. Na bei imebadilika kuliko mazoea yao yanavyokiri. Pico ilipotoka Januari 2021 bei yake rasmi ilikuwa dola 4 za Marekani. Pico moja ikipakiwa programu iliyotolewa na Raspberry Pi yenyewe inageuka kuwa dibaga ya Pico nyingine, kwa hiyo dola 8 kwa bei hiyo rasmi zinampatia mtu bodi na dibaga yake. Asiyetaka kufanya hivyo kuna kifaa kilichokamilika, Debug Probe, kilichotolewa mwaka 2023 kwa dola 12. ESP32-C3 na ESP32-S3 zina dibaga ndani ya chipu yenyewe, inafikiwa kwa waya uleule wa USB. Dukani bei huwa juu ya hizo, lakini hoja kwamba dibaga ni chombo cha wenye pesa imekufa, na wanaoendelea kuitumia hoja hiyo wanawanyima wanafunzi wao.

“Ila mimi,” Mwanafunzi anaongeza kwa adabu, “kwenye Pico sichapishi wala sisimamishi. Ninaiuliza.”

Anazungumzia MicroPython, lugha ambayo mwanafizikia Mwaustralia Damien George aliianzisha mwaka 2013 kwa michango ya watu kwenye Kickstarter. Bodi ikiwa na MicroPython, mtu anafungua dirisha la mawasiliano, anaandika mstari mmoja, na bodi inajibu papo hapo. Pini hii iko juu au chini? Kihisi kwenye njia ya I2C kinaonekana kwa anwani gani? Hakuna kupakia upya, hakuna kungoja. Anachokieleza binti huyu ni njia ya tatu kwelikweli, na kwa mtu aliye na bodi mpya na kihisi asichokijua pengine ndiyo bora kuliko zote. Fundi anaipenda mara moja: inafanana na testa, unagusa unapata jibu. Mwalimu ana shaka. MicroPython husimama yenyewe mara kwa mara kusafisha kumbukumbu, na mwanafunzi aliyekulia humo hajui kwa nini kazi yake ya maikrosekunde inateleza. Wanaachana hapo bila kumalizana, kwa sababu Mwalimu ana silaha kubwa aliyokuwa ameiweka akiba.

Silaha yenyewe ni Mars Pathfinder. Chombo hicho cha NASA kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya, kila mara ikipoteza muda wa kukusanya data. Ndani yake kulikuwa na kazi nyingi zenye vyeo tofauti. Kazi ya vipimo vya hali ya hewa, ya cheo cha chini, ilikuwa imeshika kufuli la njia ya kupitishia data. Kazi ya cheo cha juu ikalihitaji kufuli hilo, ikangoja. Kabla ya ile ya chini kumaliza na kulifungua, kazi za cheo cha kati zikaingia na kuisukuma pembeni, kwa hiyo ya juu ikaendelea kumngoja mdogo aliyenyimwa nafasi. Ulinzi wa mfumo ukaona kazi muhimu haijakamilika kwa wakati, ukaiwasha upya kompyuta nzima. Wahandisi wa maabara ya JPL, California, waliendesha nakala ya chombo ikiwa na kumbukumbu ya matukio imewashwa mpaka hitilafu ikatokea mbele yao. Walipoisoma kumbukumbu, wakajua. Tiba ilikuwa kuwasha chaguo lililokuwamo tayari kwenye mfumo wa VxWorks, linaloipa kazi iliyoshika kufuli cheo cha yule anayeingoja, na badiliko hilo likatumwa Mars.

“Bila zana za kukagua, wangebaki wanabahatisha mpaka chombo kife,” Mwalimu anasema.

Fundi anatabasamu. “Mwalimu, hapo umenisaidia mimi. Nani aliyesimamisha programu? Hakuna. Waliiacha ikimbie na kuandika kila inachofanya, kisha wakasoma. Hiyo ni kuchapisha.”

Na hapo yuko sahihi. Kumbukumbu ya matukio ni mtoto wa kuchapisha, ila ni kuchapisha kulikopangwa: alama fupi zenye muda, zimehifadhiwa kwenye RAM na kusomwa baadaye, badala ya sentensi ndefu zinazoizuia programu. Mwalimu anakubali bila kinyongo, lakini anashikilia jambo moja ambalo Fundi hawezi kulikwepa: zana zile ziliwekwa kabla ya safari. Ziliachwa ndani ya programu iliyoruka, kwa makusudi. Tofauti kati ya wahandisi wale na anayeandika upya sehemu ya pampu iko hapo zaidi ya mahali pengine popote, na ndiyo tofauti inayopaswa kufundishwa mapema, mbele ya chapa ya bodi na mbele ya jina la chombo.

Basi wanairudia pampu. Fundi anamwomba Mwanafunzi afungue dirisha la mawasiliano kwa kasi ya 115200, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aongeze rilei, kisha awashe pampu. Bodi inazimika, inawaka, na kwenye dirisha unatokea mstari ambao ESP32 huuandika yenyewe: Brownout detector was triggered. Maana yake volti imeshuka chini ya kiwango, na chipu imejilinda kwa kujiwasha upya. Hakuna aliyeandika mstari huo kwenye programu. Mwalimu anamwonyesha pia esp_reset_reason(), inayomwezesha kuuliza sababu ya kuwaka upya kila programu inapoanza na kuihifadhi. Fundi anachukua testa na kumwonyesha pampu imefungwa kwenye pini ya 5V ya bodi, ambayo nayo inategemea USB ya kompyuta. Mota inapoanza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa kuliko inapokuwa kwenye mwendo. Pampu inapewa betri yake, diodi inawekwa kwenye ncha zake kwa ajili ya mshtuko wa kuzimika, na bodi inabaki hai.

Kilichobaki ni ratiba ya darasa, na hapo hawakubaliani. Mwalimu anataka somo la pili, mara baada ya Blink, liwe programu iliyoharibiwa makusudi: kigeu kisichotosha, safu iliyovuka mpaka. Kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi anachodhani kabla hajagusa mstari wowote, kisha asimamishe chipu na kuthibitisha au kukanusha. Fundi anataka bodi iharibiwe pia: waya mmoja uliokatika ndani ya ganda, hasi isiyounganishwa, lehemu iliyoshika nusu. Mwalimu anaona muda hautoshi kwa yote mawili. Fundi anaona anayeanza na programu peke yake atakuwa mtu wa kulaumu programu maisha yake yote. Mwanafunzi anapendekeza hitilafu ya tatu, ya umeme, ambayo haiko upande wa yeyote kati yao, na pendekezo hilo linaandikwa.

Jambo la mwisho linaletwa na Fundi. Mtambo wa miche utakapofungwa shambani hautakuwa na kompyuta pembeni. Dibaga itakuwa wapi? Anataka taa moja imulike kwa hesabu, mara mbili kwa volti kushuka, mara tatu kwa kihisi kutojibu, ili hata mwenye shamba aweze kupiga simu na kueleza anachokiona. Mwalimu anaikubali taa hiyo, kisha anachora kwenye mchoro wa bodi ambayo Mwanafunzi anakusudia kuichapisha mwakani, itakayokuwa na chipu ya RP2040 badala ya ESP32. Pembeni, karibu na chipu, anaweka vishimo vitatu vya kuchomekea nyaya, SWDIO, SWCLK na hasi, na kumwambia asiviondoe hata nafasi ikibana, kwa sababu gharama yake ni shaba kidogo, na bodi isiyokuwa navyo haikaguliki kwa dibaga mpaka mtu aanze kulehemu nyaya kwenye miguu ya chipu.